Mtoto wa Kadi ya Jirani

Nilikwenda kwenye mkutano wa watu wanaotafuta koo zao nikilipwa kwa saa, na niliseme hilo mapema mtu asije akanidhania msomi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, hapa Sydney. Mmoja wa wazee wangu wakati ule alikuwa bikizee wa Kizungu wa Merrylands, mtu wa kiti cha magurudumu na ulimi mkali, aliyekuwa amelipia tiketi ya mkutano huo kabla korona haijatufikia. Mkutano uliahirishwa, ukaahirishwa tena. Ulipofufuka hatimaye, binti yake aliyepaswa kumpeleka alikuwa jimbo jingine, na mipaka ya majimbo siku zile ilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha shule. Bikizee akapiga simu ofisini kwetu, akaniomba mimi.

Ofisi ilidhani nimekubali kwa ajili ya malipo ya Jumamosi. Bikizee alidhani nimekubali kwa sababu nampenda. Wote wawili hawakukosea sana. Lakini sababu yangu mwenyewe ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki niliyoiweka chini kabisa ya mkoba, chini ya glavu na nepi za akiba.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nikimkata kucha, ratiba ya mkutano ikiwa wazi mezani. Nikaona kipengele kimoja: unakaa na mtaalamu robo saa, unamletea mkwamo wako, naye anakusaidia kumpata ndugu aliyekupotea kwenye karatasi. Nilikisoma mara tatu. Ndugu aliyepotea kwenye karatasi mimi ninaye. Nikamwomba bikizee aniandikishe, akafurahi kama niliyeokoka mbele yake.

Kaka yangu hajapotea vinginevyo. Namba yake ninayo. Yuko kambini, mkoa wa Kigoma, Tanzania, katika nyumba ya tofali za udongo, na mke na watoto wanne, na kila Jumapili tunazungumza naye mtandao ukituhurumia. Alipotea kwenye karatasi tu, na aliyempoteza ni mama yangu mzazi.

Tulipovuka ziwa kukimbia vita ya kwetu Kongo, mimi nilikuwa na miaka saba, kaka tisa. Baba hakuvuka. Kambini tulipangwa jirani na bibi mmoja mjane, mtu wa upande wetu, aliyefika pale bila hata mbuzi wala mtu. Kwetu mzee hakai peke yake. Anapewa mtoto wa kulala naye, wa kumchotea maji, wa kumwitia watu akiugua. Ni jambo la kawaida kama kuazimana chumvi. Mama akampa kaka. Alikula kwetu, akalala kwa bibi, na kutoka mlango mmoja hadi mwingine ilikuwa hatua thelathini. Siku ya kuandikisha watu karani alipita mlango kwa mlango, akamkuta mtoto ameketi kwa bibi, akauliza huyu ni nani. Bibi akasema ni mjukuu wangu. Mama alikuwa amesimama pale pale na hakusahihisha. Kadi ya mgao ya mtu mmoja ilitoa unga wa kuchekesha, ya watu wawili ilitoa na sufuria. Kwa nini amharibie mzee wa watu?

Miaka minane baadaye tukaitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa Australia. Kambini kulikuwa na sheria moja ambayo haikubandikwa popote na kila mtu aliijua: usitaje jina ambalo halimo kwenye kadi yako. Waliojaribu waliitwa waongo, dosie zao, yale majalada ya kesi, zikafungwa. Mzungu akamuuliza Mama ana watoto wangapi. Mimi na wadogo zangu wawili tulikuwa kwenye benchi kando yake, tumepakwa mafuta mpaka tunateleza. Mama akasema, "Watatu." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei.

Nia ilikuwa tufike kwanza, halafu tumwite. Kaka mwenyewe alitubebea begi hadi kwenye basi. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mama yangu ilifika hadi Macquarie Fields, mtaa wetu huku Sydney, na bado inaendelea.

Tuliomba mara mbili aletwe. Mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile: kwenye dosie yenu hayupo mtoto wa namna hiyo, leteni ushahidi. Kisha ikaja korona, mipaka ya nchi ikafungwa, na wakili wa bure aliyekuwa akitusaidia akaniambia nitumie muda huo kutafuta karatasi, yoyote ile. Wakati huo huo figo za Mama zilikuwa zimeanza kugoma. Alikuwa akipelekwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila akirudi aliuliza swali moja, mtoto yangu atafika lini. Hakuwa akiomba mengi. Alitaka amwone kaka kabla hajafa, na alitaka mwanawe wa kwanza ndiye atupe udongo wa kwanza kaburini kwake.

Basi, huo ndio mzigo niliokuwa nao Jumamosi ile nikimsukuma bikizee kuingia ukumbini.

Mkutano ulikuwa kwenye klabu moja upande wa Parramatta, zulia la maua makubwa, mashine za kamari zikilia chumba cha pili tangu asubuhi. Mlangoni tuliskani msimbo wa korona kwa simu, tukapakwa dawa mikononi, tukapewa barakoa. Kisha mama mmoja mwenye furaha nyingi akatupa vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Juu unaandika jina lako, chini unaandika majina ya koo unazozitafuta, ili mwenzako anayezitafuta pia akukamate. Bikizee aliandika tisa, kwa herufi ndogo, na bado akalalamika nafasi haitoshi. Mimi niliulizwa natafuta koo zipi. Nikasema mimi ni mhudumu. Yule mama akaniandikia "Mhudumu" na chini pakabaki peupe.

Sijawahi kuona watu wazima wakifurahi vile bila pombe. Walizunguka ukumbi mzima wakisomana vifuani. Wawili wakigundua wana jina moja walipiga kelele, wakanyoosha mikono wakumbatiane, wakakumbuka korona, wakagonganisha viwiko. Viti vilitengana, kila kimoja kimebandikwa alama ya kijani mahali pa kukaa, na karibu kila kichwa kilikuwa cha mvi. Nilihesabu weusi tuliokuwemo na sikufika mbali.

Aliyepanda jukwaani kwanza alizungumza kuhusu wafungwa walioletwa huku zamani kutoka Uingereza. Nilikuwa nikijua habari hizo kijuujuu. Nisichokijua ni kwamba kuwa na mfungwa kwenye ukoo ni fahari. Bikizee anaye wake, na alikuwa akinisimulia tangu siku ya kwanza nilipomwogesha: babu wa babu yake aliiba blanketi na kipande cha jibini. Sasa mbele yetu, kwenye pazia kubwa, walionyesha daftari lilivyoandikwa enzi hizo. Mwizi wa watu kaandikwa urefu wake, rangi ya macho, jino lililovunjika, kovu la kidole, mama yake nani, kazi aliyojifunza, meli gani, siku gani. Watu walihema kwa raha. Mimi nilikaa na hasira iliyonipanda polepole. Mtu kaiba jibini, na serikali iliyomfunga ikamwandika kwa upole kuliko walivyotuandika sisi tuliokuwa hatujaiba kitu. Kaka yangu ana kovu juu ya nyusi, alianguka na ndoo ya maji ya bibi. Hakuna daftari lolote lenye kovu hilo.

Yule msemaji akamaliza kwa kusema, na wengi wakaandika, kwamba jina lisilo na hati ni uvumi. Alisema vizuri, kwa upole, kama mwalimu wa shule ya Jumapili. Nilitaka kusimama nimuulize, na pesa ninazozipeleka Western Union kila mwezi nikihojiwa pale dirishani ninamtumia nani, nazo ni uvumi? Nikarekebisha blanketi la bikizee mapajani. Nalipwa kwa saa.

Wakati wa chakula tulipewa sandwichi zilizofungwa moja moja kwa ajili ya ugonjwa. Mama mmoja wa meza yetu, mwenye koo sita kifuani, alinigeukia kwa adabu akauliza na wewe je, umefika wapi nyuma?

"Nimefika kwa kaka yangu," nikamwambia. "Hapo ndipo nimekwama."

Akacheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki. Ili nimwondolee aibu nikamwambia mama yangu anaweza kutaja mababu saba wa upande wa baba na sita wa upande wake, mfululizo, huku akimenya mihogo. Macho yakamtoka juu ya barakoa. Akaniuliza kama kuna mtu amewahi kuyaandika. Nikamwambia hapana. Akanisikitikia kwa moyo wote, na nadhani alinisikitikia kwa kitu nilicho nacho, akakipita nisicho nacho.

Saa nane ikawa zamu yangu. Nilimwacha bikizee kwenye mhadhara wa jinsi ya kutunza picha za zamani, nikamfungia breki, nikamwekea maji karibu. Mtaalamu niliyepangiwa alikuwa mzee mwembamba aliyestaafu, sijui alikuwa nani zamani, na meza yake ilikuwa na kioo cha kukuzia maandishi na sanduku la peremende. Nilimpangia karatasi zangu kama anayepanga dagaa sokoni. Nakala ya kadi ya Mama. Picha ya kadi ya bibi, ambayo kaka aliipiga kwa simu nami nikaichapisha maktaba. Cheti cha shule ya kambini. Picha moja iliyofifia, sisi wanne mbele ya turubai. Mficha uchi hazai. Nikamweleza yote, hata lile la Mama kusema watatu.

Alinisikiliza bila kutazama saa. Kisha akaanza kuuliza, na kila jibu aliliandika.

"Cheti cha kuzaliwa?"

"Hakuna."

"Cha ubatizo?"

"Kanisa lilichomwa na daftari lake."

"Mkunga?"

"Alikufa njiani."

"Shule aliandikishwa na nani?"

"Na bibi. Mama alikuwa shambani siku ile."

Akachukua kioo, akaisoma kadi ya bibi kwa makini ambayo hakuna karani wa kambi aliyewahi kuwa nayo. Alirudi kwenye cheti cha shule, akarudi kwenye kadi ya Mama.

"Niwe mkweli kwako," akasema. "Ningezikuta karatasi hizi peke yake, bila wewe kukaa hapo, ningeandika kwamba huyu ni mjukuu wa huyu bibi, na nisingekuwa na wasiwasi. Zote tatu zinakubaliana."

"Zinakubaliana kwa sababu moja imenakiliwa kutoka nyingine."

"Najua," akasema. "Ndivyo karatasi nyingi zinavyokubaliana."

Nilihisi machozi yananijia na nikajikasirikia, maana barakoa ikilowa haivaliki. Akanisogezea peremende. Ndipo akaniambia, kama anayekumbuka kitu kidogo, kwamba karatasi siku hizi si neno la mwisho. Mama yupo hai? Yupo. Kaka yupo hai? Yupo. Basi wateme mate, wote wawili, kila mtu kwenye kichupa chake, na maabara itasema. Mama na mwana hawajifichi, akasema, hilo ndilo jambo rahisi kuliko yote wanayoulizwa watu wa maabara. Ushahidi kama huo hata watu wa uhamiaji hawawezi kuukataa.

Vichupa vilikuwa vikiuzwa kwenye meza ya jirani, kwenye visanduku vyeupe vizuri kama vya manukato. Nikanunua viwili papo hapo. Nilitaka kumkumbatia yule mzee. Korona ilimnusuru.

Nilipokuwa nikikusanya karatasi zangu akasema, "Mate yatakuambia nani kamzaa nani. Wakubwa watafanya nini wakishajua, hilo silifahamu." Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, bila kumsikia.

Nilichelewa dakika kumi kumrudia bikizee. Alikuwa amebanwa na haja ndogo na amejikaza, uso mwekundu, hataki kumwambia mgeni. Nilimkimbiza chooni nikimwomba radhi njia nzima. Nilitegemea ulimi wake. Lakini nilipomkalisha salama akaniuliza tu, "Umempata?"

"Nimempata," nikasema. "Yuko kwenye kichupa."

Alicheka mpaka nikamshika mabega asianguke. Siku ile nilimpenda kweli.

Jioni nikaenda moja kwa moja kwa Mama. Nilimweleza taratibu, nikidhani atapinga, kwa kuwa kwetu kutoa mate yako kumpa mtu usiyemjua ni kutafuta kurogwa. Alikuwa ameshafungua mdomo kabla sijamaliza. Nikamwambia bado, lazima ukae nusu saa hujala wala hujanywa. Akakaa nusu saa akitazama ukuta kama anayengoja treni. Ilipofika wakati, mate hayakuja. Wagonjwa wa figo wanapimiwa maji, midomo yao ni mikavu. Alitema, tukatazama: tone.

"Mate hii haitoki," akasema. "Inajua iko naenda kwa serikali."

Nikamtajia limau. Nikamtajia embe bichi na chumvi. Nikamtajia sombe la dada yake mkubwa, kisamvu chenye mawese na samaki mkavu, na hapo yakaanza kuja kidogo kidogo. Ilituchukua karibu saa nzima kufika kwenye mstari. Alipomaliza alikuwa amechoka kama aliyetoka kulima, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Sikuwa nimeyaona hivyo tangu mipaka ifungwe.

"Umwambie asafishe meno mbele ya kutema," akasema. "Wasiseme mtoto yangu ni muchafu."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Saa kumi jioni kwetu, asubuhi kwao. Kaka hupanda kilima nyuma ya shule kutafuta mtandao, kwa hiyo mwanzo wa simu zake zote ni kuhema. Nilimweleza kila kitu kwa mpigo mmoja: bikizee, mzee wa kioo, vichupa, kwamba chake nitakituma kwa posta, kwamba safari hii hatuombi, tunathibitisha. Mama alikuwa kando yangu na kichupa chake mkononi, amekivingirisha kwenye tishu. Simu ilikuwa kwenye spika.

Nikadhani mtandao umekatika, nikamwita mara mbili.

"Nakusikia, Dada," akasema. "Hayo mate msiyatume popote."

Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Mwezi uliopita tumehakikiwa upya. Vidole, macho, maswali. Jirani yangu hapa wamegundua ana mama yake Ulaya ambaye hakuwahi kumtaja. Wamemfungia kadi. Sasa hivi mke wake anapita na bakuli nyumba kwa nyumba. Na mimi, Dada, nimewaambia nini miaka yote? Nimewaambia nyanya yangu ni huyu, alifariki, mimi ndiye mjukuu niliyebaki na kadi. Mke wangu yuko kwenye kadi hiyo. Watoto wote wanne wako kwenye kadi hiyo. Mkithibitisha mimi ni wenu, mmethibitisha mimi ni mwongo. Wakinitoa mimi, tunatoka wote."

"Lakini watakuleta huku."

"Lini?"

Nilijua kwamba ndege hazikuwepo. Nilijua, kwa kuwa wakili aliniambia, kwamba hata waliokwisha kupewa viza walikuwa wameketi makambini na mabegi yao. Nilijua kwamba kesi kama yetu, hata dunia ikiwa nzima, hula miaka.

"Dada, lini?"

"Sijui."

"Na watoto watakula nini mpaka hiyo siku?"

Upepo wa kilimani ulikuwa ukipuliza kwenye simu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo, "Mama alisema watatu. Mwambie aendelee kusema watatu."

Hakujua kwamba Mama anamsikia. Mama akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaileta karibu na uso kana kwamba atamwona.

"Yule bibi," akasema, "alikutunza muzuri?"

"Alinitunza, Mama. Alinitunza sana."

"Na watoto yako. Wanajua mimi ni nani?"

"Wanajua ni mama mmoja yuko Australia. Rafiki ya nyanya yao."

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Ni muzuri," akasema. "Watoto wanasema ovyo. Ni muzuri hivyo."

Akamuuliza habari za mvua, akamuuliza bei ya unga, akamwombea kama kila Jumapili, akanirudishia simu. Kichupa alikiweka mezani karibu na dawa zake. Kesho yake nilikichukua bila kumuuliza, nikakitupa kazini pamoja na glavu zilizotumika. Sanduku la pili, la kaka, bado liko kabatini kwangu, halijafunguliwa, na kila nikihama nyumba nahama nalo.

Bikizee aliendelea kuniuliza kila wiki majibu yametoka lini. Nilimwambia maabara imefungwa kwa sababu ya korona. Korona ilikuwa nzuri kwa uongo, ilibeba kila ulichoipa. Yeye mwenyewe alikuwa amempata mwenye blanketi lililoibwa, jina na kijiji, na alikuwa akiwaandikia barua wajukuu wa wajukuu wa mtu huyo kuwaomba msamaha. Nilimsaidia kubandika stempu, na kwa mara ya kwanza nilimwonea wivu mtu wa kiti cha magurudumu.

Kisha jiji likafungwa tena, na upande wetu wa kusini-magharibi ukafungwa zaidi ya jiji. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya nyumba zetu mchana kutwa, na nilitembea na barua ya kazi mfukoni kama kitambulisho cha kambi. Nilihamia kwa Mama, kwani asiye wa nyumba hakuruhusiwa kuingia na mtu ilibidi awepo. Hakuuliza tena lini. Nilikuwa nimelichoka swali hilo kwa miaka kumi na sita, na lilipokoma nyumba ikawa nzito. Alikwenda kusafishwa damu, alirudi, alilala na uso kwa ukuta. Nilijua tumefika mwisho wa jambo hili. Kupoteza mwana kwa kukosa ushahidi ni kitu kimoja. Kuwa na ushahidi mdomoni mwako na ukaambiwa uumeze, sijui kuna dawa gani ya hilo.

Katikati ya kufungiwa huko ikaja sensa. Niliijaza kwenye simu, Mama ameketi kitandani, mimi nikimsomea kwa Kiswahili. Lugha ya nyumbani. Dini. Nchi aliyozaliwa. Vyumba vingapi. Alijibu kwa uvivu, kama mtu anayejibu mwito wa majina. Ndipo likatokea swali ambalo huulizwa wanawake: amezaa watoto wangapi maishani mwake.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilimwambia, "Mama, hii haipelekwi kwa mtu yeyote. Ni siri kwa sheria, hata polisi hawapewi. Hapa tunaweza kuandika ukweli." Kidole changu kilikuwa tayari juu ya nne.

"Kaka yako alisema nini?" akauliza.

"Kuhusu nini?"

"Alisema niseme wangapi?"

"Watatu. Lakini Mama, hii ni sensa tu."

"Andika watatu."

"Ulizaa wanne."

"Minajua nilizaa wane," akasema. "Tumbo ilikuwa yangu. Andika."

Nilimchukia kwa muda ule. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama yake, kwamba uongo wake ndio uliotufikisha hapa, kwamba mara ya kwanza nilikuwa mtoto kwenye benchi na sikuweza kitu, na sasa mkono ni wangu na bado ananifanya nimfute kaka yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ile siku hakuniomba," akasema. "Leo ameniomba."

Nikaandika tatu. Akasema anataka aione. Mama hajui kusoma ila tarakimu anazijua, akaishika simu kwa mikono miwili, mkono mmoja ukiwa na bandeji ya sindano za asubuhi, akaitazama kwa muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikitembea na nikajua anataja majina yetu, kwa kuwa ilitembea mara nne.

Akanirudishia simu. "Tuma mbio," akasema, "mbele ya roho yangu kugeuka."

Nikatuma.